Pini Nyekundu ya Alhamisi

Mzee aliyenikabidhi ratiba ya shule tulimwita Mzee Pini, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyeamua nani afundishe nini, wapi, saa ngapi. Siku ya kunikabidhi kazi alinipeleka kwenye kichumba kilicho nyuma ya ofisi ya walimu, kichumba chenye upana wa kitanda, akawasha taa, akanionyesha ubao wake.

Ubao ulifunika ukuta mzima. Juu ziliandikwa siku tano, kila siku vipindi vinane. Pembeni yalishuka madarasa manane, kuanzia Kidato cha Kwanza A mpaka cha Nne B. Katika kila kisanduku palikuwa na kadi iliyochomwa pini. Kila mwalimu na rangi yake: mimi wa Hisabati bluu, Jiografia kahawia, Baiolojia kijani. Ukisimama mbali unaona shuka la viraka. Ukisogea unaona kadi mia tatu na ishirini, na kila moja ni dakika arobaini za maisha ya mtu.

"Pini nyeupe hamisha utakavyo," Mzee Pini akaniambia. "Hizi nyekundu nne usizing'oe mpaka ujue kwa nini zipo."

"Kwani zipo kwa nini, mzee?"

"Nikikwambia utasahau. Ukishajua mwenyewe, ng'oa hata zote."

Akanipa ufunguo wa kabati, akachukua kofia yake, akaenda zake kustaafu.

Sasa, mimi ni mtu wa kuuliza. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na swali mdomoni. Tena ni mtu wa kunyoosha mambo, na kupendeleana kazini hunipandisha mori. Sijawahi kubebwa na mtu. Kama kuna kitu nilichowahi kupata cha bure katika shule ile, ni asubuhi ya Alhamisi: miaka tisa mfululizo siku hiyo nimeanza kufundisha kipindi cha pili. Ratiba ilibadilika muhula huu na muhula ule, lakini Alhamisi yangu ilibaki palepale. "Alhamisi ni siku yangu ya bahati," nilikuwa nikitamba ofisini, na Mzee Pini, bila kuinua uso kwenye kadi zake, alinijibu kila mara, "Basi ishike vizuri."

Jumatatu ya kwanza ya kazi yangu mpya, mkuu wa shule aliniita. Ni mama asiyependa kurefusha maneno. Hata viti vya wageni ofisini kwake ni vigumu kwa makusudi.

"Mwalimu wa taaluma, nina mambo mawili," akasema. "La kwanza, Kidato cha Pili B wanaanguka Hisabati. Kipindi chao kimoja kiko Ijumaa cha mwisho, watoto wamelala. Kitafutie asubuhi. Ratiba mpya iwe ukutani Jumatatu ijayo."

"Sawa, mama. Na la pili?"

"Kijana wa Baiolojia. Nimeshamwonya kwa mdomo mara mbili kuhusu kuchelewa. Daftari unalo wewe. Andika barua, Ijumaa nitie sahihi."

Tulijua sote barua hiyo maana yake nini. Barua ikishaingia kwenye faili lake, na nakala ikaenda juu, kijana angehamishwa, na shule ingerudi kukaa bila mwalimu wa Baiolojia. Huyo mmoja tulimngoja miaka miwili. Lakini sikuona la kumtetea. Daftari la waliochelewa Mzee Pini aliniachia tangu muhula uanze, kabla hata ya ratiba, nami niliandika kwa wino mwekundu. Kijana alikuwa amelipaka rangi ukurasa mzima. Wiki moja kabla alifika anahema, robo saa baada ya kengele, mkongojo kwapani, yeye mwenye miguu yake mizima.

"Mwalimu," nilimwambia mbele za watu, "kama uzee umekuanza mapema, si uombe kustaafu?"

Ofisi ikacheka. Yeye akasema, "Samahani, dada," akauegemeza mkongojo nyuma ya kabati, akaenda darasani.

Basi barua niliiweka ya mwisho, maana ilikuwa rahisi. Nikaanza na pini.

Ya kwanza ilikuwa Kidato cha Kwanza A, kipindi cha tano, kabla tu ya chakula cha mchana. Pini ilishikilia kadi ya Uchoraji, siku zote tano zimefungwa kwa uzi mmoja ili isipenye Hisabati wala Sayansi. Nilimpigia simu Mzee Pini. "Nenda ukae darasani," akasema, akakata. Nikaenda, nikakaa dawati la nyuma magoti yakigusa kidevu. Dakika kumi za kwanza sikuona kitu. Ya kumi na moja, jikoni, ng'ambo ya dirisha, mpishi akatia vitunguu kwenye mafuta. Watoto arobaini na watano wakageuza pua kwa pamoja. Mwalimu aliuliza swali, akajibiwa na tumbo la mtu. Mimi mwenyewe, na kifungua kinywa changu, nilisahau nilichokwenda kutafuta. Uchoraji ulibaki, na kwa kweli siku ile watoto wengi walichora sufuria.

Pini ya pili ilihusu Kidato cha Tatu. Kila A walipokuwa na Jiografia, B walipelekwa uwanjani kwa michezo. Nilidhani ni mwalimu wa michezo anatafutiwa jua la asubuhi. Nikawazuia B darasani siku moja, nikakaa nao. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna ukuta wa mbao nyembamba, na mwalimu wa Jiografia ana sauti ya kuita watu walio shamba la tatu. Kufikia katikati ya kipindi, B nzima ilikuwa inajua volkano inavyolipuka, nami pia. Nikampa B uwanja wao bila ubishi.

Ya tatu niliielewa kwa dakika mbili tu: Kidato cha Kwanza B, kila asubuhi kipindi cha kwanza, masimulizi ya mdomo, hakuna kuandika. Jua la saa mbili linaingia kwa dirisha la upande na kukaa juu ya ubao. Unaona chaki, huoni maandishi. Muhula ukianza walimu wageni huwa wanawagombeza watoto kwa kutonakili.

Nilianza kumheshimu upya yule mzee. Nilikuwa nimefundisha pale miaka kumi nikidhani ratiba ni hesabu ya walimu na madarasa, kumbe humo ndani mna vitunguu, jua na koo la mtu. Nilikuwa nakwenda nyumbani nikiwaza pini, mume wangu ananisemesha namjibu kwa namba za vipindi.

Ikabaki ya nne, na hiyo ndiyo iliyonikaa kooni. Kidato cha Pili B, Alhamisi, kipindi cha kwanza. Kadi ilisema Maktaba: watoto wanakwenda kusoma kimya, mkutubi anawaangalia. Kipindi cha asubuhi, vichwa bado vibichi, kinaliwa na kusoma kimya, huku Hisabati ya watoto walewale imetupwa Ijumaa jioni. Na hicho ndicho kilikuwa kisanduku pekee cha asubuhi ambacho kingeniokoa. Nikiwahamishia Hisabati pale, nami ningepoteza kipindi changu cha bahati, lakini nilikihitaji zaidi mwanangu alipokuwa mchanga; sasa ana miaka tisa, anajivalisha mwenyewe na kunijibu mwenyewe. Nilikuwa tayari.

Nilikaa darasani Alhamisi hiyo. Hakuna harufu, hakuna sauti, hakuna jua. Nikafuata watoto maktaba. Hapo nikakumbuka jambo lililonichemsha damu: mkutubi ni shemeji yake Mzee Pini, mdogo wa mke wake. Nikasema hapa sasa nimelipata. Mzee amemtengea shemeji yake kazi ya kukaa.

"Shemeji yako amekupendelea sana," nilimwambia mkutubi watoto walipotoka.

Mkutubi alivua miwani, akanitazama kama nimemtukana. "Amenipendelea mimi? Asubuhi natakiwa nipange vitabu vilivyorudi, badala yake nalinda watoto wasipeane vikaratasi. Miaka saba namwomba awaondoe. Nimemwomba shuleni, nimemwomba sebuleni kwake, nimemtuma dada yangu. Anasema pini ni nyekundu. Ukiweza kuwaondoa, mwalimu, nitakuombea dua."

Nikatoka pale. Nikaorodhesha walimu wote wasio na kipindi saa hiyo, ukimwacha kijana wa Baiolojia aliyekuja muhula huu tu, nikapata watatu: wa Jiografia, wa Historia na wa michezo. Nikawazungukia. Wa Jiografia alisema, shule nzima ikimsikia, kwamba yeye hufika alfajiri hata hivyo. Wa Historia alikuja mwaka jana tu. Wa michezo aliniuliza pini ni nini.

Alhamisi jioni nikampigia tena Mzee Pini. Safari hii hakusema nenda ukae darasani. Alisema, "Hiyo huwezi kuiona ukiwa darasani. Njoo nyumbani."

Mke wake alinifungulia mlango. "Ingia, mwanangu," akasema, "ingawa sijui kama upo kwenye ratiba." Kweli, ukutani jikoni palikuwa na karatasi ya mistari: nani anaosha vyombo, nani anamwagilia mchicha, siku hata siku. Mzee alikuwa uani, kipindi cha mchicha.

Nilimweleza yote, na sikuficha kwamba nilimshuku shemeji yake. Alicheka mpaka akaweka chini kopo la maji.

"Sasa ni nani, mzee?" nikauliza. "Kuna mtu umemfichia kipindi hicho. Nimeorodhesha wote walio huru saa hiyo. Watatu, na si yeyote kati yao."

"Watatu? Hesabu tena."

"Jiografia, Historia, michezo. Watatu."

"Na wewe?"

"Mimi? Yangu ni bahati tu."

Aliinua kopo, akamwagilia mstari mzima wa mchicha mpaka mwisho, akarudi.

"Mwalimu wa Hisabati," akasema taratibu, "unajua kuhesabu kila mtu."

Miaka tisa nyuma, mwanangu alikuwa na miezi minne. Mume wangu ni muuguzi, wakati huo alikuwa zamu ya usiku. Siku nyingine zote alifika nyumbani mapema, akampokea mtoto, nami nikakimbia shuleni. Lakini Alhamisi asubuhi daktari mkuu alipitia wodi kitanda kwa kitanda, na wauguzi wa usiku hawakutoka mpaka amalize. Hatukuwa na msichana wa kazi wala jirani wa kumwachia mtoto. Basi kila Alhamisi nilichelewa. Nilikuwa mgeni, naona haya, sikumwambia mtu. Nilikuwa nikiingia ofisini nimeinamisha kichwa nikingoja kugombezwa, na sikugombezwa. Muhula uliofuata ratiba ikatoka, Alhamisi naanza kipindi cha pili. Nilimshukuru Mungu. Mzee Pini sikumshukuru, ningemshukuruje?

"Nani alikwambia habari za mtoto?" nikamuuliza.

"Hakuna. Mpaka leo sijui ulikuwa na jambo gani."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungenijibu nini? Mtu mgeni kazini ukimuuliza, ama atadanganya ama ataona haya. Mimi nilitazama daftari tu. Mvivu huchelewa siku yoyote. Anayechelewa siku moja ileile kila wiki, ana jambo siku hiyo. Kazi yangu ilikuwa kadi, nikahamisha kadi."

"Lakini mwanangu ameshakua, mzee. Miaka yote hii pini ya nini?"

"Ulikuwa unafurahi sana kuitaja," akasema. "Nikaona aibu kuing'oa."

Nililia, sina haja ya kuficha. Nililia juu ya mchicha wa watu. Mke wake akaniletea maji, akamwambia mumewe kwamba kuliza wageni hakumo kwenye ratiba.

Ijumaa nilifika shuleni kabla ya kengele. Kwenye kabati nilitafuta daftari la mwaka ule nikalipata chini kabisa. Jina langu lilikuwapo: Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi, kwa penseli hafifu ambayo ungeifuta kwa kidole. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Kisha nikafungua daftari langu la muhula huu, lile la wino mwekundu, kwenye ukurasa wa kijana wa Baiolojia.

Jumanne. Jumanne. Jumanne. Jumanne. Mara tisa, na hakuna siku nyingine hata moja.

Niliketi. Nilikuwa nimekwenda kunusa vitunguu, nimesikiliza ukuta, nimepima jua, nimemhoji mkutubi na watu watatu kwa ajili ya pini. Huyu mtu alikuja mbele yangu na mkongojo usio wake, nami sikujiuliza ni wa nani. Nilitafuta kuchekesha watu tu. Aibu niliyoiona asubuhi ile sijaimaliza mpaka leo.

Nikaingia kwenye kichumba, nikawasha taa. Baiolojia ya Pili B ilikuwa Jumanne, kipindi cha kwanza. Nikaitoa, nikaipeleka Alhamisi kipindi cha kwanza, mahali pa Maktaba. Maktaba nikaipeleka Ijumaa ya mwisho. Wakilala juu ya vitabu, walale, na mkutubi apate asubuhi yake. Hisabati ikatoka Ijumaa ikaja Jumanne kipindi cha kwanza, saa ambayo mimi hukaa nikisahihisha madaftari. Nitayasahihisha nyumbani. Kadi tatu tu, na kila kitu kikakaa. Pini nyekundu ya Alhamisi ikabaki mkononi mwangu. Nikaichoma Jumanne.

Saa nne nilikwenda kwa mkuu wa shule na ratiba mpya. Aliipitia kwa kalamu, akafika Jumanne, akatikisa kichwa kukubali.

"Safi. Na barua?"

"Sijaandika, mama."

"Amekwambia nini?"

"Sijamuuliza. Naomba Jumanne tatu. Akichelewa hata moja, utatia sahihi barua mbili, yake na yangu."

Nadhani alitaka kuuliza, akaona uso wangu, akaacha. "Jumanne tatu," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Jumanne ya kwanza niliifundisha Pili B jicho moja likiwa dirishani. Walijibu maswali, tena mikono juu, lakini ukweli ni kwamba sikuwa nao. Nilikuwa natazama geti. Dakika ishirini zikapita, thelathini. Nikaanza kuitunga barua yangu kichwani. Dakika ya thelathini na mbili akaingia kijana wa Baiolojia, anatembea. Hakimbii, hahemi. Mikono mitupu; mkongojo umebaki kwa mwenyewe. Akasimama bombani, akanawa uso bila haraka, akaenda zake kungoja kengele ya kipindi cha pili kama mwalimu mwingine yeyote.

Jumanne ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Mkuu wa shule hakusema kitu, ila siku hiyo alinikaribisha kiti chake cha ndani, kile chenye mto.

Saa ya chai nilikuwa mezani na daftari langu. Nimeshabadilisha kalamu, sasa natumia penseli. Kijana wa Baiolojia alikuwa amesimama mbele ya ratiba ukutani, kikombe mkononi, akiwaeleza wenzake.

"Mnaona, dada zangu," alikuwa akisema, "tangu ratiba mpya itoke, Jumanne imekuwa siku yangu ya bahati. Sijui nani kaniombea."

Swali lilinipanda mpaka kwenye ulimi. Nani anautembelea ule mkongojo? Ni mama, ni baba, ni bibi? Unampeleka wapi kila Jumanne, na nani anamrudisha? Nimezaliwa nalo swali, jamani, lilikuwa linaniwasha. Nikaling'ata.

"Basi ishike vizuri," nikamwambia, bila kuinua uso.